Jibu: Kwa nini kanisa dogo la Beaune liko ndani ya wodi?

Mkuu, umeuliza kama Hôtel-Dieu ya Beaune, Ufaransa, ilikuwa hospitali au kanisa. Ilikuwa vyote viwili. Nicolas Rolin, chansela wa mtawala wa Burgundy, na mkewe Guigone de Salins waliianzisha mwaka 1443, wakati vita na njaa vimewaacha wengi hohehahe. Mgonjwa wa kwanza alipokelewa Januari 1, 1452.

Kanisa liko mwishoni mwa ukumbi wa maskini, yaani wodi yenyewe, wenye urefu wa takriban mita 50, ili hata asiyeweza kuinuka afuate misa akiwa kitandani. Altareni palikuwa na mchoro wa Hukumu ya Mwisho wa Rogier van der Weyden, wenye mabawa, yaani mbao za pembeni zinazofungwa na kufunguliwa kama milango, yaliyofunguliwa Jumapili na sikukuu tu. Hilo ndilo linalonigusa zaidi: fukara asiye na senti, pengine yu karibu kufa, anawekewa mbele yake kazi bora kabisa ya zama zake!

Guigone mwenyewe kazikwa humo kanisani. Jengo liliingizwa kwenye orodha ya majengo ya kihistoria yanayolindwa na serikali mwaka 1862, na wagonjwa waliendelea kulazwa humo hadi karne ya 20. Mchoro siku hizi umehifadhiwa chumba kingine, kwa hiyo ukienda usiutafute altareni.