Mlinzi wa zamu ya usiku mwenye presha afanye mazoezi saa ngapi?

Ndugu yangu, umeuliza kama wewe unayelinda ghala la korosho usiku, na umeshaambiwa hospitali kwamba una presha, ukimbie alfajiri unapotoka lindoni au usubiri jioni. Nimefanya kazi za zamu bandarini hapa Mtwara kwa miaka mingi, nami natumia dawa za presha, kwa hiyo nasema bila kusita: usikimbie alfajiri. Lala kwanza, kisha fanya mazoezi alasiri kabla ya kurudi kazini.

Ndani ya ubongo, juu kidogo ya mahali mishipa ya macho inapopishana, kuna kifungu kidogo cha seli kinachopokea habari za mwanga na kuupangia mwili ratiba ya takriban saa 24. Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kueleza jinsi jeni zinavyoiendesha saa hiyo. Walichunguza inzi wadogo wa matunda, lakini utaratibu wa namna hiyo tunao hata sisi. Moyo na mishipa ya damu nayo ina saa zake, ambazo hufuata ile ya ubongo.

Kwa mtu anayelala usiku, shinikizo la damu kwa kawaida hushuka usingizini kwa asilimia 10 hadi 20. Kunapopambazuka homoni ya kotisoli huwa imepanda, mishipa hukaza, shinikizo hupaa na damu huganda kwa urahisi zaidi, na ndiyo maana mshtuko wa moyo hutokea zaidi kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa sita mchana. Aliyelala vizuri, na ambaye presha yake imetulia, anaweza kufanya mazoezi asubuhi na akafaidika sana. Wewe unakifikia kipindi hicho ukiwa umekesha, kabla shinikizo halijapata nafasi ya kushuka. Mimi nilikuwa nikijipima nyumbani kwa kipimo kidogo cha mkononi, na vipimo vya kutoka zamu vilikuwa juu kuliko vile vya baada ya kulala.

Kazi kubwa kwako ni huo usingizi wa mchana, na hapa ndipo wengi wetu tunaposhindwa. Jua la Mtwara huwa limeshachomoza kabla ya saa moja asubuhi mwaka mzima, na mwanga wake huuambia ubongo kwamba muda wa kulala umekwisha. Vaa kofia na miwani ya jua, nenda nyumbani moja kwa moja, tia giza chumbani kwa pazia zito, na uwaeleze watu wa nyumbani kwamba saa hizo ni usiku wako. Miezi ya Novemba na Desemba, joto likiwa chini ya bati, feni ni sehemu ya matibabu. Sioni aibu kusema hivyo.

Ukiamka, kula chakula chepesi, kisha jua likipungua toka utembee kwa haraka. Mimi hupenda ufukwe wa Shangani kuanzia saa kumi na moja. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Yafanye saa ileile kadiri unavyoweza, kwa sababu mazoezi nayo huisogeza saa ya mwili. Chakula kizito usiku wa manane kiache.

Dawa usizihamishe saa bila daktari. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2022, ukihusisha wagonjwa zaidi ya 21,000, haukuona tofauti ya mshtuko wa moyo wala kiharusi kati ya waliomeza asubuhi na waliomeza jioni. Muhimu ni kutosahau. Na kipimo kikisoma 180 kwa 110 au zaidi, au kifua kikibana, acha mazoezi uende hospitali siku hiyohiyo.

Jambo moja la kuzungumza na msimamizi wako: kama mnabadilishana zamu, ziende mbele, yaani asubuhi, kisha jioni, kisha usiku, kwa kuwa watu wengi huona wepesi kuchelewa kulala kuliko kuwahi.