Mbegu za muhogo wa miezi 6: kwa nini miche imechelewa

Ndugu, umesema ulipanda punje za matunda ya muhogo wako unaoiva miezi 6, na miche iliyoota bado ina mizizi myembamba. Ndivyo ilivyo: muhogo una vinasaba mchanganyiko, kila punje ni aina mpya, na wala baba humjui, maana nyuki ndio waliochavusha. Ukitaka muhogo uleule, panda pingili: sm 20 hadi 25, macho 5 au zaidi, kutoka katikati ya shina lililokomaa lisilo na magonjwa ya batobato wala michirizi ya kahawia.

Miche hiyo usiing'oe kwa hasira, lakini pia usiihukumu mwaka huu, kwani mche wa punje hutanguliza mzizi mkuu na uzito wake hudanganya. Kata pingili za kila mche, zipande mstari wake, mita 1 kwa 1, pembeni ya mstari wa muhogo wako wa zamani. Mwezi wa 7 tangu kupanda pingili, chimba mashina ya katikati ya kila mstari, ya pembezoni yaache, hayo hunenepa kwa nafasi. Pima mizizi peke yake, kisha shina na majani. Mizizi ikifikia nusu ya uzito wote, huo muhogo unawahi kweli. Uwiano huo hurithiwa vizuri kuliko kilo tupu.

Halafu katakata gramu 100 za mzizi, kausha hadi uzito usishuke tena. Zikibaki chini ya gramu 30, umepata maji mengi, unga kidogo. Pasua na mizizi mingine: yenye madoa ya kahawia ndani, tupa ukoo mzima, yaani mstari wote wa mche huo.