Dungu gani la kuwindia ayala linamfaa mtu wa kilo 118?

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Naishi Dayton, Ohio, na mwaka huu nimemaliza kozi ya uwindaji. Mfanyakazi mwenzangu ana shamba nje ya mji: mahindi upande mmoja, soya upande wa pili, katikati kipande cha msitu ambamo ayala wanapita kila jioni. Ruhusa ameshaniandikia. Anataka pia kuniuzia kwa dola 60 dungu lake la zamani, lile la kukwea nalo mti. Mimi nina kilo 118, goti la kulia linanisumbua, na ningependa kijana wangu wa miaka 14 akae nami. Nitatumia shotigani. Nilichukue, au nitafute lingine? – Baba Neema

JIBU: Ndugu yangu Baba Neema, usilichukue. Hata akikupa bure, mshukuru, kisha lipeleke kwenye vyuma chakavu.

Wasomaji wengine wataniuliza dungu linahusianaje na Ohio. Kwetu Rufiji dungu ni kibanda juu ya nguzo, mtu analala humo akilinda mpunga usiliwe na nguruwe na ndege. Mimi nimelala humo nikiwa mtoto, na hakuna aliyewahi kunifunga kamba. Wamarekani nao wana dungu lao, ila lao hufungwa kwenye mti na hubeba mtu asiyetaka kuonekana. Ayala mkia-mweupe hana mazoea ya kutafuta hatari juu, na harufu yako ikipita juu ya kichwa chake unapata muda kidogo wa kulenga.

Tuanze na uzito. Madungu mengi ya mtu mmoja yameandikwa kikomo cha pauni 300, yaani kilo 136. Hesabu hiyo si ya mwili wako ukitoka kuoga. Vaa buti, ovaroli ya baridi, fulana ya rangi ya chungwa, beba begi lenye chupa ya chai na risasi, shika bunduki, halafu panda mizani ya bafuni. Nakisia utasoma kilo 130 au zaidi. Umebakiwa na kilo tano sita, na kijana bado yuko chini. Tena kikomo hicho ni cha chuma kipya na mikanda mipya, wala si cha kitu kilicholala kwenye banda la mtu miaka kadhaa.

Halafu goti. Watu huchagua dungu kwa kuangalia kiti, godoro lake na pa kuegemeza mikono. Mimi nawaambia wanafunzi wangu waangalie njia ya kupandia, kwa sababu walio wengi hawaanguki wakiwa wamekaa. Wanaanguka wakipanda, wakishuka, au wakihamisha mguu kutoka kwenye ngazi kwenda kwenye jukwaa. Dungu la kukwea lina vipande viwili, kiti juu na jukwaa chini, kila kimoja kimeukumbatia mti kwa waya mnene. Unasimama, unapandisha kiti, unakaa, unalivuta jukwaa kwa nyayo huku umekunja magoti, unasimama tena. Kufika mita tano ni mizunguko 15 hadi 20, gizani, na kushuka ni ile ile. Goti lako halitakusamehe.

Nalijua dungu hilo vizuri. Mwaka wangu wa pili wa kuwinda nilisahau kufunga ile kamba nyembamba inayounganisha vipande viwili. Niliponyanyua miguu kidogo kujiweka sawa, jukwaa likateleza likaenda chini kabisa, likalala kwenye majani. Nikabaki nimening'inia kwenye kiti kama nguo kwenye kamba, kilomita moja na nusu kutoka kwenye gari. Mkanda wa usalama ndio ulionipa muda wa kufikiri. Niliukumbatia mti nikashuka kwa mapaja, na gome la mwaloni lilinichuna hadi tumboni.

Unachotaka wewe ni dungu la ngazi, tena la watu wawili. Ni ngazi ya chuma inayoegemezwa kwenye mti, juu ina benchi na jukwaa. Mengi ya aina hiyo yameandikwa pauni 500, kilo 227, kwa hiyo wewe na kijana mnakaa bila wasiwasi wa hesabu. Ubaya wake ni uzito: huwezi kulibeba mgongoni ukaliingiza kwenye msitu wa umma kila alfajiri. Lakini wewe una shamba moja, ruhusa ya maandishi, na ayala wanaopita njia ile ile. Lifunge mwezi wa nane au wa tisa, mapema kabla ya msimu, wanyama walizoee.

Hizo aina nyingine nizipitie kwa haraka. Jukwaa dogo la kutundika na vijiti vyake vya kukanyagia ni jepesi na zuri, ila ule mguu wa kuhama kutoka kijiti cha mwisho kwenda jukwaani siutaki kwa mwenye goti bovu. Tandiko la kamba, unaloning'inia nalo ukiegemeza magoti kwenye mti, ni la vijana. Kibanda cha juu ya nguzo, ndugu halisi wa dungu letu, ni raha tupu kwenye theluji, ila bei yake inataka uwe mwenye shamba.

Mti wenyewe nitauzungumzia kama fundi, maana siku zisizo za darasa kazi yangu ni kukata miti. Chagua uliohai, ulionyooka, mnene kuliko kifua chako. Hapo Ohio ogopa mti wa ashi. Kuna mdudu wa kijani kutoka Asia aliyegunduliwa Michigan mwaka 2002 na Ohio mwaka 2003. Ameua miti hiyo kwa mamilioni, na mingi ingali imesimama. Sogea karibu uliangalie gome: ukiona vitundu vya milimita tatu hivi vyenye umbo la herufi D, au mabaka meupe ambapo vigong'ota wamebandua gome wakitafuta funza, ondoka. Mti wa ashi uliokufa haupindi, unakatika kama biskuti. Mwaloni ni mzuri, hasa wenye shina mbili au matawi nyuma yake, kwa sababu kinachokuficha ni kile kilicho mgongoni mwako kuliko urefu uliopanda. Mita nne na nusu hadi tano zinatosha. Ukipanda sana, risasi inashuka kwa pembe kali na unaweza kupata pafu moja tu; mnyama atakimbia mbali na utamtafuta usiku kucha.

Kusimamisha ngazi ni kazi ya watu watatu. Miguu ikae kwenye udongo ulio sawa, si juu ya mizizi. Funga kwanza nguzo ya katikati, ile inayoishikiza ngazi kwenye mti, na mikanda inayopishana kama msalaba, ukiwa chini, wawili washike ngazi, ndipo mmoja apande kufunga juu mkanda wa racheti, yaani ule unaokazwa kwa kipini. Huyo anayepanda ndiye aliye hatarini kuliko wote, kwa hiyo awe mwepesi, na avae mkanda wa mwili mzima uliofungwa kwenye mti kila hatua. Usiwe wewe.

Akiwa huko juu afunge pia kamba ya uhai. Ni kamba ya mita tisa hivi, inafungwa kwenye mti juu ya kichwa cha mtu aliyekaa na inashuka hadi chini. Juu yake kuna kitanzi chenye fundo la prusiki: ukilisukuma kwa mkono linateleza, ukiliangukia linabana. Unajifunga ukiwa bado ardhini na hujifungui mpaka buti ziguse tena udongo. Ukishakaa, sukuma fundo juu hadi mkanda wa mgongoni ukaribie kunyooka. Ulegevu ukibaki mrefu, utaanguka mbali kabla hujakamatwa. Na ukikamatwa, usining'inie ukisubiri watu. Mikanda ya mapajani inazuia damu, na dakika chache zinaweza kukuzimisha. Kanyaga kile kitanzi cha kusimamia kinachokuja na mkanda, urudi kwenye ngazi. Simu iwe mfuko wa kifuani.

Bunduki haipandi begani. Iwe tupu, uivute kwa kamba mdomo ukitazama chini bila kuchimba udongo, uijaze ukishakaa na kujifunga.

Upande wa kulikabilisha dungu utakusumbua kidogo. Upepo wa huko hutoka magharibi mara nyingi, basi dungu liwe mashariki ya njia yao. Hapo asubuhi jua liko mgongoni, vizuri sana. Lakini wewe umesema wanapita jioni, na jioni jua litakuwa machoni mwako mpaka lizame. Tafuta mti ambao miti mingine ya upande wa magharibi inakukinga, au geuza kiti kuelekea kaskazini-magharibi uipate njia kwa mshazari. Kumbuka pia kwamba jua likishuka hewa hupoa ikaanza kuteremka, na harufu yako huteremka nayo. Kama msitu una korongo, usikae juu yake.

Msimu ukiisha, shusha mikanda yote. Mti unanenepa na mkanda haunenepi, jua linaunguza nyuzi, na kindi wanatafuna. Mkanda wa usalama nao una tarehe yake kwenye lebo, mara nyingi miaka mitano. Uliowahi kumkamata mtu hautumiki tena.

Kijana ahitaji mkanda wa kipimo chake na kamba yake ya uhai, si kujifunga kwenye yako. Apande wa kwanza, wewe ukiwa umeshika ngazi chini. Ashuke wa mwisho, ukiwa umeshafika chini na kuishika tena.