Shelisheli: anza na upepo, kitanda baadaye

Nyinyi mnaoanza kazi ya kupanga safari mtaletewa picha. Mteja anayetaka Shelisheli ya kifahari karibu kila mara huja na ileile: miamba mikubwa ya matale, mchanga mweupe, maji yametulia kama yamo bakulini. Muulize anataka kwenda lini, naye atajibu Julai, kwa sababu ndipo alipopewa likizo. Kazi yako inaanzia kwenye jibu hilo, kabla hujafungua orodha ya hoteli.

Mimi nilianzia kwenye hoteli. Nilipeleka maharusi kisiwa cha Praslin mwezi Julai, upande wa Grand Anse, chumba kizuri cha bei kubwa. Asubuhi ya pili bwana harusi akanitumia picha. Mwani wa kahawia ulikuwa umelala ufukwe mzima, unafika kwenye vifundo vya miguu, na wafanyakazi wawili walikuwa wanauzoa kwa reki na toroli. Hoteli haikuwa na kosa lolote. Ni mimi niliyewapangia ufukwe unaopokea mwani msimu wa upepo wa kusi bila kuuliza. Niliwahamishia upande wa pili wa kisiwa siku hiyohiyo na tofauti ya bei nikailipa mwenyewe. Tangu hapo sijauza chumba Shelisheli bila kujua kwanza dirisha lake linatazama wapi.

Jifunzeni pepo kama nahodha anavyozijua. Kuanzia Mei hadi Septemba huvuma kusi kutoka kusini-mashariki: hali ya hewa ni kavu, joto limepungua, bahari imechafuka. Msimu huo kwenye kisiwa cha Mahé mpeleke mteja Beau Vallon, kaskazini-magharibi, na ukimpeleka Anse Intendance mwambie wazi kwamba ni pa kutazama mawimbi, si pa kuogelea. Desemba hadi Machi mambo hugeuka. Upepo huja kutoka kaskazini-magharibi na mvua huongezeka, hasa Januari, na sasa Beau Vallon na hata Anse Lazio ya Praslin ndizo zinazopigwa. Katikati ya misimu hiyo, Aprili na tena Oktoba kuingia Novemba, ni maleleji. Bahari hulala na mpiga mbizi huona mbali chini ya maji. Mteja akikuachia wewe uchague mwezi, mpe Aprili au Oktoba bila kusita.

Nchi ina visiwa zaidi ya mia moja, lakini safari nyingi huzunguka vitatu: Mahé, Praslin na La Digue. Wageni wetu hutamani kuviona vyote kwa siku tano. Wakatazeni. Kila kuhama kunakula nusu siku: kufunga mizigo, kusubiri gatini, kufungua tena. Anayelipa fedha nyingi hivyo ananunua utulivu, nawe ukimhamisha kila baada ya siku mbili umemnyang'anya. Usiku tisa au kumi ndio kipimo changu.

Ndege kubwa ikitua Mahé asubuhi, mpitishe moja kwa moja hadi Praslin. Boti ya kasi huchukua kama saa moja, ndege ndogo dakika 15. Wakati wa kusi mlipie ndege, hasa kama kuna mama mjamzito au mtu anayetapika baharini, maana saa moja ya mawimbi humharibia siku mbili. Kutoka Praslin hadi La Digue ni dakika 15 tu za boti, hakuna uwanja wa ndege. Mahé iwe mwisho, na alale huko usiku mmoja kabla ya kuondoka. Boti inaweza kuahirishwa kwa sababu ya bahari, lakini ndege ya kurudi nyumbani haitamsubiri mtu aliyekwama La Digue.

Praslin mpeleke Vallée de Mai mapema asubuhi, kabla makundi hayajaingia. Ni msitu mdogo, umo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1983, na humo mnazi wa coco de mer huota wenyewe. Kwa asili mti huu hupatikana Praslin na kisiwa jirani cha Curieuse tu. Ukiwa chini yake upepo ukipita, majani yale makubwa hugongana kama mabati, na mteja wa aina yoyote hunyamaza. Mwekee kiongozi anayeijua sauti ya kasuku weusi. Akitaka kununua nazi ile, ahakikishe anapewa cheti chake, kwani bila hicho hairuhusiwi kutoka nchini.

Kuhusu visiwa vya binafsi vyenye hoteli moja tu, nasema machache: usiku tatu zinatosha, na viwekwe baada ya La Digue, mtu akiwa ameshachoka na baiskeli na anataka kukaa kimya.

La Digue yenyewe ni ya baiskeli, magari ni machache. Mwambieni mteja mapema ili aje na viatu vinavyofaa, na mizigo yake ipokewe gatini na watu wa hoteli. Grand Anse ya kisiwa hiki (jina ni lilelile la Praslin, msichanganye) haina mwamba wa kuikinga na mkondo wake huvuta watu, kwa hiyo wakati wa kusi asiingie majini. Ile picha aliyokuletea siku ya kwanza ilipigwa Anse Source d'Argent. Maji yakijaa, mchanga hubaki ukanda mwembamba na vijia vya kupita kati ya miamba hufunikwa. Yakipwa, hutembea kutoka hori moja hadi jingine maji yakiwa magotini. Kwa hiyo natafuta jedwali la maji la wiki yake, na pembeni ya ratiba, kwenye siku ya La Digue, naandika kwa kalamu saa ya kupwa.