Maswali ya Wasomaji: Kuzitambua Sarafu za Kale za Wagiriki na Warumi

Mwezi huu tumechagua barua nne kuhusu sarafu za Ugiriki na Roma ya kale. Majina ya waandishi tumeyaacha, na barua ndefu tumezifupisha.

Ndugu Mhariri, ninaishi Leicester, Uingereza. Sokoni nilinunua fungu la sarafu ndogo za shaba zilizofunikwa na udongo, nikaambiwa kuwa ni za Warumi. Moja nimeanza kuisugua kwa ndimu na majivu, kama tulivyokuwa tukisafisha sinia za shaba nyumbani, na herufi chache zimeonekana. Nitajuaje ni za mtawala gani na za miaka ipi?

Kwanza kabisa, iache ndimu. Asidi yake hula lile gamba la kijani au la hudhurungi ambalo shaba imejijengea kwa karne nyingi ardhini, na mara nyingi herufi na alama za uso zimebaki katika gamba hilo tu, kwa sababu shaba ya ndani imekwisha kulika. Sarafu iliyosuguliwa mpaka ikang'aa imeharibika, na hakuna fundi atakayeirudisha ilivyokuwa. Zilizobaki ziloweke katika maji yaliyokenekwa, yasiyo na chumvi wala madini, uyabadilishe kila baada ya siku chache, kisha uondoe udongo kidogo kidogo kwa kijiti cha mbao huku ukitazama kwa lenzi ya kukuzia. Ni kazi ya wiki nyingi, na asiye na subira nayo afadhali anunue sarafu zilizokwisha kusafishwa.

Mafungu ya aina hii kwa kawaida huwa na sarafu za karne ya 4 BK, za Kaisari Konstantino, wanawe na waliowafuata, kwa maana shaba ndogo za wakati huo zilipigwa kwa wingi mno. Anza na upande wenye kichwa. Maandishi huzunguka ukingo, na herufi V husimama badala ya U. DN mwanzoni humaanisha "Bwana wetu", PF AVG mwishoni humwonyesha mtawala mwenyewe, na NOB C humwonyesha mrithi aliyekwisha kupewa cheo lakini hajashika enzi kamili. Hapa pana mtego unaowanasa wengi: CONSTANTINVS, CONSTANTIVS na CONSTANS ni watu watatu tofauti wa ukoo mmoja, na ikiwa katikati ya jina pamelika, huwezi kuamua kwa jina peke yake. Tazama basi kilichovaliwa kichwani. Taji la miali kama ya jua, juu ya sarafu iliyo nyembamba na pana kidogo, hukurudisha karne ya 3, katika aina iliyoanzishwa na Caracalla mwaka 215 ikiwa na fedha ya kutosha, na ambayo baada ya miaka hamsini hivi ilikuwa shaba iliyopakwa fedha juu juu tu. Taji la majani ni la zamani zaidi kwa jumla, na kilemba cha lulu au vito huanza kuzoeleka katika nusu ya pili ya utawala wa Konstantino.

Kisha geuza. Upande wa nyuma ndio unaotoa tarehe iliyo karibu zaidi na ukweli. Ukiona askari wawili wamesimama na maneno GLORIA EXERCITVS, hesabu bendera zilizo kati yao: mbili ni za miaka ya 330 hadi 335 hivi, na moja ni za baada ya hapo, wakati sarafu ilipopunguzwa uzito kutoka takriban gramu 2.5 hadi kama gramu 1.6. Kwa hiyo mizani ndogo ya sonara ni chombo cha lazima, tena kabla ya kitabu chochote. Askari anayemchoma mkuki mpanda farasi anayeanguka, pamoja na maneno FEL TEMP REPARATIO, hawezi kuwa wa kabla ya mwaka 348. Mbwa mwitu jike anayenyonyesha watoto wawili ni wa sarafu zinazousifu mji wa Roma, nazo hupatikana kwa urahisi hata zikiwa katika hali nzuri.

Chini kabisa, chini ya mstari wa kukanyagia, kuna herufi chache ambazo wanaoanza huziruka. Hizo hutaja mji uliopiga sarafu: CONS ni Constantinople, ALE ni Aleksandria, ANT ni Antiokia, TR ni Trier, SIS ni Siscia, iliyoko Kroatia ya leo. Ukibahatika kukuta LON utakuwa na sarafu iliyopigwa London, ambako kazi hiyo ilikoma mwaka 325 hivi. Ukishakuwa na jina, picha na mji, fungua kanzidata ya bure iitwayo OCRE, inayosimamiwa na American Numismatic Society ya New York, uingize hata vipande vya maandishi ulivyoweza kusoma. Itakuletea aina zinazowezekana pamoja na picha zake, kuanzia Augusto hadi mwisho wa karne ya 5.

Neno moja zaidi. Mafungu mengi ya namna hii hutoka nchi za Balkani, ambako sheria zinakataza kuchimba na kusafirisha vitu vya kale bila kibali. Muulize muuzaji yametoka wapi. Akikosa jibu, usirudi kununua kwake.

Shikamoo mwandishi. Mimi ni mwanafunzi wa historia, Dodoma. Katika picha za sarafu za Aleksanda Mkuu naona kijana aliyevaa ngozi ya simba kichwani. Je, huyo ndiye Aleksanda? Na kwa nini hakuna mwaka?

Marahaba. Huyo ni Heraklesi, shujaa ambaye wafalme wa Makedonia walidai kuwa ni babu yao, na aliyeketi upande wa nyuma akiwa na tai mkononi ni Zeu, mungu mkuu wa Wagiriki. Jina la Aleksanda liko pembeni mwa Zeu, kwa maana ya "sarafu ya Aleksanda". Ukitaka sura yake mwenyewe, tazama sarafu za Lisimako, mmoja wa majemadari wake, zilizotolewa baada ya kifo cha Aleksanda, ambapo Aleksanda ana pembe ya kondoo dume ya mungu Amoni juu ya sikio.

Jina hilo lisikudanganye kuhusu wakati. Aleksanda alifariki mwaka 323 KK, lakini miji mingi iliendelea kupiga sarafu zenye jina na picha zilezile kwa muda mrefu baada yake, na kinachozitenganisha ni alama ndogo zilizo chini ya kiti cha Zeu na mbele ya miguu yake. Ama kuhusu mwaka, Wagiriki wachache waliuandika, hasa wafalme wa Siria wa ukoo wa Seleuko. Warumi hawakuuandika kwa namba, lakini vyeo vya Kaisari hutosha: dinari ya Trajani yenye COS V, yaani konsuli, cheo kikuu cha serikali ya Roma, mara ya tano, ni ya kati ya miaka 103 na 111 BK.

Assalaam alaykum. Niko Maskati. Kuna mtu ananiuzia sarafu nene ya fedha yenye bundi, anasema ni ya Athene na ina miaka 2,400. Ina mkato mkubwa ubavuni, na bei yake ni ya chini kuliko nilizoziona kwa wauzaji wa Ulaya. Ninunue?

Waalaykum salaam. Kwa maelezo haya peke yake, hapana. Lakini sababu yangu siyo ule mkato.

Sarafu ya drakma nne ya Athene ilikuwa na uzito wa karibu gramu 17.2 za fedha safi, iliyochimbwa katika milima ya Laurioni. Mbele kuna kichwa cha Athena mwenye kofia ya vita. Nyuma kuna bundi anayekutazama usoni, kitawi cha mzeituni, mwezi mwandamo mdogo na herufi ΑΘΕ. Katika zile za karne ya 5 KK, jicho la Athena limechorwa kama linaonekana kutoka mbele ingawa uso umegeuka upande. Katika za karne ya 4 jicho linageuka pamoja na uso. Iwapo muuzaji anasema ni ya mwaka 440 KK na jicho ni la upande, basi hajui anachouza au anajua kupita kiasi.

Mkato ni jambo la kawaida katika sarafu halisi. Watu wa kale walizikata kwa tindo ili waone kama fedha imefika ndani, kwa kuwa tangu wakati huo walikuwapo waliofunika shaba kwa gamba la fedha. Athene yenyewe ilitunga sheria mwaka 375/374 KK, ambayo jiwe lake lilichimbuliwa katika soko la kale la mji huo mwaka 1970. Mkaguzi, ambaye alikuwa mtumwa wa serikali, aliketi sokoni akikagua fedha. Sarafu nzuri ilikuwa lazima ipokewe, na iliyokuwa na shaba au risasi ndani ilikatwa papo hapo ikawekwa kuwa mali ya Mama wa Miungu. Mkaguzi asiyekuwapo kazini alichapwa viboko hamsini. Fedha nzuri ya kigeni iliyoiga bundi alirudishiwa mwenyewe.

Suala hilo la kuiga linakuhusu hapo ulipo. Bundi wa Athene aliigwa na falme za Yemeni ya kale tangu karne ya 4 KK, na upande wa Ghuba ziliigwa sarafu za Aleksanda. Huko Mleiha, katika Sharja, wanaakiolojia walipata hata kalibu ya jiwe ya kutengenezea sarafu. Kwa hiyo bundi mwenye mchoro uliopotoka na herufi zisizo za Kigiriki anaweza kuwa halali kabisa, na kwangu anapendeza kuliko yule wa Athene.

Bandia za kisasa ni habari nyingine. Iliyomiminwa katika kalibu huwa na vitundu vidogo vya hewa, herufi laini kama sabuni iliyotumika, na mara nyingine mstari ukingoni uliopigwa tupa. Omba kuona sarafu nyingine za muuzaji huyo: kwa kuwa za kale ziligongwa kwa mkono moja moja, mbili zenye ufa mmoja mahali pamoja ni ushahidi wa kutosha kumkimbia. Iliyo ngumu zaidi ni bandia iliyogongwa kwa mihuri mipya, kama za Mjerumani Carl Wilhelm Becker, aliyefariki mwaka 1830, ambaye inasimuliwa kwamba alizitia sarafu zake katika kisanduku chenye unga wa chuma, akakifunga garini na kwenda matembezini ili mtikisiko uzizeeshe.

Hata ikiwa halisi, pana suala la asili. Mwaka 2020 sarafu ya dhahabu ya Bruto, mmoja wa waliomuua Julius Kaisari, ile yenye majambia mawili na maneno EID MAR ya kukumbuka mauaji hayo, iliuzwa London kwa zaidi ya pauni milioni 3. Mwaka 2023 mamlaka ya New York iliirudisha Ugiriki, baada ya kubainika kuwa historia ya umiliki iliyotolewa ilikuwa ya uongo. Mtu wako akuonyeshe hati za zamani za sarafu hiyo. Bei ya chini bila hati hainivutii.

Mheshimiwa Mhariri, marehemu babu yangu alituachia pande la shaba lenye kichwa cha mzee mwenye ndevu na tai upande wa pili, lina kishimo katikati pande zote mbili. Alisema aliliokota ufukweni kaskazini ya Lamu. Je, ni ushahidi kwamba Warumi walifika kwetu? — Mombasa

Ulivyoieleza, siyo ya Kirumi. Mzee mwenye ndevu ni Zeu-Amoni, tai anasimama juu ya radi, na kile kishimo kilitokana na namna vipande vya shaba vilivyoandaliwa kabla ya kupigwa: hizo ni alama za shaba za akina Ptolemayo waliotawala Misri kabla ya mwaka 30 KK. Tafuta pembeni mwa tai herufi ΠΤΟΛΕΜΑΙΟΥ ΒΑΣΙΛΕΩΣ, "ya Mfalme Ptolemayo".

Swali la pili ni gumu zaidi. Sarafu inaweza kuwa ya kale sana na safari yake ikawa ya juzi, mfukoni mwa baharia au askari aliyepita Misri wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mapema katika karne ya 20, nahodha Haywood alisema amepata Bur Gao, kusini mwa Somalia, sarafu za akina Ptolemayo na za Warumi, zikiwamo pamoja na nyingine za Misri na Uturuki za karne nyingi baadaye. Kwa mchanganyiko huo, na kwa kuwa hakuna aliyeona zilivyolala ardhini, wataalamu wengi, akiwamo Neville Chittick aliyekagua pwani hiyo katika miaka ya 1960, hawakuzikubali kuwa ushahidi wa biashara ya zama hizo.

Biashara yenyewe haina shaka. Mfanyabiashara wa Misri aliyeandika Periplus, kitabu cha mwongozo wa safari za baharini, kwa Kigiriki katika karne ya 1 BK anaitaja bandari ya Rhapta katika pwani yetu, na anaorodhesha yaliyoletwa huku: mikuki, mashoka, visu, shazia na vyombo vya kioo. Fedha taslimu haimo, ilhali kwa bandari ya Muziris ya India anaitaja kwa wingi. Sioni ajabu, basi, kwamba sarafu ni adimu katika mwambao wetu.

Ipeleke kwa wataalamu wa Fort Jesus bila kuisafisha, maana sheria ya Kenya ya mwaka 2006 kuhusu makumbusho na turathi inamtaka anayeokota kitu cha kale atoe taarifa. Kabla ya kwenda, waulize wazee wa nyumbani babu aliokota ufuo gani, mwaka gani hivi, na kama palikuwa na vigae au magofu karibu, uyaandike yote kama watakavyoyasema.