Mtandaoni hakuna sado

Mwaka 2019 nilimlipa kijana mmoja laki saba anitengenezee tovuti ya kuuza dagaa. Ilipendeza kwelikweli: Jiwe la Bismarck la hapa Mwanza juu, bei pembeni, na kitufe cha kununua chini. Kwa miezi minne iliniletea mtu mmoja tu, naye aliuliza kama tuna friji za mtumba. Novemba ya mwaka huohuo Jumia, lile duka kubwa la mtandaoni, ikafunga shughuli zake Tanzania, nikajipoza: kama wenye fedha zao wamefungasha, mimi na laki saba zangu ni nani?

Lakini biashara ya mtandaoni nilikuwa nayo tayari, sema sikuiita hivyo. Nilikuwa naweka picha za mzigo kwenye statasi ya WhatsApp bila mpango wowote, na jioni moja mama mmoja wa Dodoma, mwenye genge, akaniandikia: "Dada, kilo shilingi ngapi?"

Nikakwama. Mimi ni mtu wa soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Pale tunanunua kwa gunia na tunauza rejareja kwa sado, ile ndoo ndogo ya kupimia. Na sado ina mambo yake: mteja unayempenda unamjazia mpaka kilele na kumwongeza konzi, asiyekupendeza unamwachia hewa katikati. Nikaazima mizani ya jirani, nikapima sado tatu nilizojaza mwenyewe. Hazikulingana hata mbili.

Kwa hiyo ukiniuliza uanzie wapi kuuza mtandaoni, nitakujibu mizani. Nunua, peleka Wakala wa Vipimo wakuhakikie, kisha fungasha kilo moja, tano na kumi. Mtu aliyeko Dodoma haoni mkono wako ukijaza.

Wala hawezi kutafuna dagaa mmoja asikie kama kuna mchanga, kama wanavyofanya wanunuzi wa Mwaloni. Wa chanja, waliokaushwa juu ya chanja, na wa mchanga, walioanikwa chini, kwenye picha ni walewale, wote wanang'aa. Mimi sasa narekodi video fupi: beseni jeupe, maji safi, konzi moja ya dagaa, nakoroga, nawatoa, halafu simu inaangalia chini ya beseni. Wakiwa wa chanja, maji yanabaki bila kitu cha kutisha. Wakiwa wa mchanga, mchanga unajionyesha wenyewe, na bei yake naiandika chini kabisa. Video ile imeniuzia kuliko tovuti yote, na sijalipa mtu.

Kosa langu kubwa lilikuja baadaye, wateja walipoongezeka. Nilipokea hela ya gunia nne wakati mwezi umejaa. Mtu wa huku anajua: dagaa wanavuliwa kwa taa, giza likiwa giza. Mbalamwezi ikitoka, wavuvi wengi wanalala nyumbani. Mteja wangu wa bara angejuaje? Kwake dagaa ni bidhaa ya dukani, ipo au haipo. Alisubiri siku kumi na mbili, akanitumia ujumbe mmoja tu: "Dada, nirudishie hela yangu." Nilirudisha, na ada ya kutuma nikaibeba mimi.

Hapo ndipo nilipoelewa kazi ya mtandao wenyewe. Mjomba wangu yuko kisiwani Ukerewe, ananinunulia mzigo. Mdogo wangu anafungasha Kirumba. Mimi napokea oda. Kila mmoja alikuwa na daftari lake, na madaftari matatu hayakuwahi kukubaliana. Sasa tuna jedwali moja la Google kwenye simu zetu zote tatu. Mjomba akinunua gunia anaandika, nami naliona kabla boti haijaondoka bandari ya Nansio. Mwanzoni aligoma, akaniambia, "Mpwa wangu, unataka kunichunga?" Tulielewana pale jedwali lilipomwonyesha kwamba mimi ndiye niliyekuwa namlipa pungufu. Simu za kawaida, bando la wiki, basi. Duka lenye matawi mawili Makoroboi na Buzuruga linaweza kuanza hivihivi kabla ya kununua seva na programu za mamilioni.

Malipo nitayataja haraka. Acha kupokelea kwenye laini yako binafsi, chukua Lipa Namba, ile namba ya biashara ya kupokelea malipo ya simu, hela ya duka isichanganyike na ya ada ya mtoto. Na usitoe mzigo kwa sababu umeonyeshwa meseji. Meseji ya muamala inatungwa na mtu yeyote mwenye vidole, angalia salio.

Andika pia jina la biashara, mahali ulipo na namba inayopokelewa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inamtaka muuzaji ajitambulishe kwa mnunuzi, na hata bila sheria, mtu hatumi laki tatu kwa muuzaji asiyemjua ila kwa picha ya waridi.

Mzigo wenyewe unakwenda kwa basi kutoka stendi ya Nyegezi. Piga picha ya risiti na ya gunia likiwa na jina la mteja kwa wino mnene, tuma zote mbili kabla basi halijatoka.

Na daftari la karatasi usilitupe. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini zilikatika, intaneti ikalegea nchi nzima, nami nilikuwa na oda sita ambazo majina yake yalikuwa kwenye jedwali tu. Nilikaa juu ya magunia nikijaribu kukumbuka nani ni wa Singida na nani ni wa Morogoro. Siku hizi kila jioni mdogo wangu ananakili oda za kesho kwa kalamu.

Tovuti niliiacha ikafa. Kwenye katalogi ya WhatsApp wiki hii nimeandika: "Dagaa wa chanja hamna, mwezi mkali. Oda zinapokelewa, hela bado." Yule mama wa Dodoma amejibu: "Sawa dada, giza likiingia niandikie wa kwanza."