Nilikuwepo, na Nilinyamaza

Mhariri, swali lenu la wiki hii, kwamba wazazi wapigwe marufuku kusimama pembeni ya uwanja watoto wao wanapocheza mpira au la, limenitonesha kidonda. Jibu lililonijia kwanza ni ndiyo, wapigwe marufuku.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, Temeke, uwanja wa mchanga, mechi ya watoto wa chini ya miaka 13. Baba mmoja alisimama juu ya mstari wa chokaa, viatu vyake vikiufuta kidogo kidogo, akimpigia mwanawe kelele: "Usitoe! Piga mwenyewe!" huku kocha, upande wa pili, akimtaka atoe pasi. Mtoto, winga wa kushoto, akawa hapokei mpira bila kwanza kugeuza shingo kumtafuta baba yake, na ni katika kugeuka huko alikokuwa akinyang'anywa. Mwamuzi, kijana ambaye sidhani alikuwa ametimiza miaka 20, alipokataa penalti, baba yule aliingia uwanjani akamkunja shati. Wazazi tulikuwa wengi, na sote tuliona. Mama mmoja aliyekuwa amekalia ndoo karibu nami alisema kwa sauti ya chini, "Jamani, watoto wanaona," basi, hakuna aliyeinuka. Winga yule alivuta jezi akajifunika uso, akabaki hivyo mpaka baba yake alipotolewa.

Tangu mwaka 2019 sheria za soka zinamruhusu mwamuzi kumwonyesha kocha kadi ya njano au nyekundu, lakini mzazi hana kadi yake. Wa kumzuia ni mzazi mwenzake, na siku ile mzazi huyo nilipaswa kuwa mimi.

Hata hivyo, ninapoandika haya namkumbuka pia kipa wa timu pinzani, ambaye hakuwa na mtu wa kwao pale. Kila alipodaka mpira alitutazama sisi tusiomjua, akingoja makofi. Tukifukuzwa wote, watoto wote watakuwa kama yeye. Kwa hiyo nasema wazazi wabaki, ila nyuma ya kamba, hatua kadhaa kutoka mstarini, na atakayemgusa mwamuzi asirudi msimu mzima. Sijui kama kamba itatosha kwa baba wa aina ile. Jumamosi hii mwanangu anacheza tena, nami nimeshayaweka tayari maneno ya kumwambia: "Kaka, sogea nyuma, mwachie kocha."